Stika Iliyokuja Yenyewe

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani. Nashukuru, ingawa bado najiuliza kwa nini mtu anayeacha kazi apewe saa, wakati ndiyo kwanza hana pa kuwahi. Nimeitundika sebuleni, na mume wangu analalamika kwamba inapiga kelele. Basi kwa kuwa sasa muda ninao, nimekaa niwaandikie yale mliyokuwa mkiniuliza wakati wa chai, nami nikiwajibu nusunusu kwa sababu kuna mteja mlangoni.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua wenyewe.

Nilianza kazi ya bima hapa Tukuyu enzi ambazo bima ilikuwa ya serikali peke yake. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa pale Bulyaga. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino, maana niliambiwa ni kazi ya ofisini. Aliyenipokea ni Mzee Lazaro, mkuu wa ofisi na mtumishi wake pekee mpaka nilipofika mimi. Aliviangalia viatu vyangu, akaangalia dirishani ambako mvua ilikuwa inanyesha kama kawaida yake, akafungua kabati na kunitolea mabuti ya mpira.

"Meza yako ni hii, binti," akasema.

Nilidhani ananitania. Kumbe hakuwa mtu wa utani. Kabla ya mchana tulikuwa tumeteremka bondeni kwenda kuona mashine ya kusaga iliyodaiwa kuungua yote, haifai hata kwa chuma chakavu. Mwenye mashine alitupokea kwa huzuni kubwa. Mzee Lazaro akaizunguka ile mashine, akapitisha kidole ndani ya mdomo wa mashine, akakitoa kimejaa unga mweupe, akaulamba.

"Mahindi mazuri," akasema. "Ya leo?"

Mwenye mashine akaanza kucheka, na sisi tukacheka, na madai yakaishia hapo. Tulirudi na sado ya unga tuliyopewa kwa ajili ya njiani. Mzee Lazaro aliilipia, nami nikashangaa, maana nilikuwa bado mgeni.

Vifaa vyetu vilikuwa mabuti, mwavuli, futi kamba, tochi na muhuri. Mwavuli ndio uliochakaa upesi kuliko vyote. Lakini kitu ambacho Mzee Lazaro alikishika kuliko muhuri wenyewe kilikuwa kusoma. Kila mkataba aliusoma kwa sauti mbele ya kitu chenyewe. Kama ni nyumba, mtasimama mbele ya nyumba. Kama ni gari, mbele ya gari, na kama anayelipa si mwenye gari, basi wote wawili wawepo, hata kama mvua inanyesha. Kwa wazee ambao Kiswahili chao kilikuwa cha kuombea maji tu, alirudia kwa Kinyakyusa, kifungu kwa kifungu.

Nilimuuliza siku moja kama hatupotezi muda. Kwa nini wasije ofisini wakasaini kama watu wa Mbeya?

"Ofisini mtu anasikia bei tu," akanijibu. "Akisimama mbele ya gari lake anasikia na maneno."

Mimi niliona ni uzee. Nilikuwa kijana, na vijana tunajua mengi. Mnajijua.

Halafu likaja soko huria. Ninyi mmezaliwa mmelikuta, hamwezi kujua lilivyoingia. Mitumba ilijaa sokoni, maduka yakawa na sabuni za rangi zote, viwanda vya chai vikawa na wenyewe wapya, na kwenye ofisi za serikali likazuka neno linaloitwa kupunguzwa. Mzee Lazaro akastaafu, akaenda kwake Ibighi kulima kabichi. Mimi nilipunguzwa. Nilikaa nyumbani nikichoma vitumbua asubuhi na kuvila mwenyewe jioni, kwa sababu mtaa mzima wa Bulyaga ulikuwa umepunguzwa na kila mtu alikuwa anachoma vitumbua.

Ndipo kampuni moja ya bima ya watu binafsi, kutoka Dar es Salaam, ikafungua tawi hapa mjini. Walinitafuta kwa kuwa nilikuwa najulikana. Kila nilipopita watu waliniita Mama Bima, hata kipindi ambacho sikuwa na bima yoyote ya kuuza. Nikakubali siku hiyohiyo, sikutaka hata kujifanya ninafikiria.

Siku ya kwanza kwenye kazi hiyo mpya nilivaa mabuti. Nikakuta viti vya plastiki, kalenda yenye picha ya ghorofa, simu ya mezani, na kwenye droo bahasha nene ya stika za bima zenye namba za magari zilizokwishapigwa taipu. Zilikuwa za mwaka uliokuwa unakuja. Nikapiga simu Dar kumuuliza meneja wa mauzo, kijana mwenye sauti ya haraka, magari haya yamelipiwa na nani wakati ofisi ndiyo kwanza imefunguliwa.

"Huo ndio uzuri wake, Mama," akasema. "Zinajihuisha zenyewe."

Akanieleza. Miaka miwili nyuma, kampuni kabla ya kufungua tawi ilipatana na chama cha wakulima wa chai. Mkulima akitaka bima anajaza fomu kwenye banda la kupimia majani, na pesa inakatwa kwenye bonasi yake ya mwisho wa mwaka. Mwaka ukiisha, bima inahuishwa na pesa inakatwa tena, bila mtu kusumbuliwa kuulizwa. Stika zilikuwa zikitumwa kwa posta mpaka kwenye sanduku la mwenye gari. Sasa kwa kuwa nipo, nitazigawa mimi.

"Na asiyetaka?" nikauliza.

"Aandike. Imeelezwa chini."

Chini palikuwa na maandishi madogo ambayo hata mimi, na macho yangu ya wakati ule, niliyasogeza dirishani.

Sikuwa nimegawa hata moja, akaingia Mama Tupo. Huyu alikuwa mke wa Asajile, mkulima wa chai na ndizi wa kijiji kimoja nje kidogo ya mji. Mtoto wao wa kwanza, Tupokigwe, alikuwa amechaguliwa kuingia sekondari ya bweni mkoa wa jirani, msichana pekee kwenye shule yao aliyepata nafasi ile mwaka huo. Mama Tupo aliketi bila kukunja mwavuli, na maji yote yakaishia kwenye sakafu yangu mpya.

"Ugonile, Mama Bima," akasalimia. Hakungoja niitikie. "Nieleze kitu kimoja tu. Mwanangu atakaa nyumbani ili gari ya Salumu itembee?"

Nikamwambia aanze mwanzo.

Mwanzo wenyewe ulikuwa huu. Asajile na Salumu walikaa dawati moja shule ya msingi. Salumu ni wa Bagamoyo, namaanisha Bagamoyo yetu hapa mjini, ingawa babu yake kweli alitoka pwani. Alikuwa na pikapu ya kubeba viazi na ndizi. Miaka miwili kabla, Mama Tupo aliugua vibaya, na Salumu alishusha mzigo wa viazi njiani, akaviacha kwenye mvua, akampakia mgonjwa kumkimbiza hospitali. Mama Tupo alipona. Viazi vilioza. Na wakati Salumu anarudi, trafiki akamsimamisha, akakuta bima imekwisha, gari likalala kituo cha polisi. Salumu hakuwa na kitu, mtaji wake ndio ulikuwa umeozea barabarani. Asajile aliposikia akaenda kwenye banda la chai, akajaza fomu akatwe bima ya lile gari. Gari likatoka.

"Mpaka hapo sina neno," akasema Mama Tupo. "Ningekuwa mimi ningelipa mara mbili. Lakini mwaka jana wamekata tena. Na mwaka huu, bonasi hii ya ada, wamekata tena, na wameongeza. Mtoto anatakiwa aripoti na ada, godoro, sanduku, ndoo, jembe na kwanja la kufyekea majani. Asiporipoti kwa wakati nafasi anapewa mwingine. Nimeshanunua kwanja. Sasa ataenda shule na kwanja?"

"Baba Tupo anasemaje?"

"Hasemi. Tangu mwaka jana hasemi. Anadhani Salumu alikwama tena, akaona haya kumwambia, akapita pembeni kwenda bandani kuandikisha kwa jina la mume wangu. Nami nikadhani hivyohivyo."

Nikamwambia Salumu hajaandikisha kitu. Nikamweleza ile habari ya kujihuisha. Alisikiliza mpaka mwisho, uso hauna dalili yoyote.

"Kwa hiyo inajichukulia yenyewe kwenye shamba langu," akasema taratibu. "Na haioni haya hata kidogo."

Nikatamani meneja wa Dar angekuwepo ajibu.

Habari njema ni kwamba stika ya Salumu ya mwaka mpya ilikuwa bado kwenye droo yangu, haijabanduliwa karatasi yake. Stika ambayo haijatoka inaweza kurudi, na pesa nayo ikarudi. Kilichohitajika ni mambo mawili: Asajile aandike kwamba anasitisha, na Salumu asaini kwamba haichukui. Nikamwambia Mama Tupo asihofu, hilo ni jambo la asubuhi moja. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu.

Kesho yake nikavaa mabuti nikaenda kijijini. Asajile alinikaribisha vizuri, akanipa ndizi za kuchemsha na maziwa ya mgando, akasikiliza maelezo yote, kisha akasukuma karatasi ikarudi kwangu.

"Siwezi kusaini hii."

"Kwa nini?"

"Umeandika hapa nasitisha bima ya Salumu. Siku akisimamishwa barabarani mbele ya abiria, aulizwe stika iko wapi, atasema nini? Asajile ameniondolea mkono?"

"Lakini hukukusudia kulipa mara ya pili. Hata yeye hakukuomba. Nikamwambie tu ukweli."

Akanishika mkono, jambo ambalo wanaume wa kwetu hawafanyi hovyo. "Usimwambie. Mwaka mzima nimemfikiria kwamba alitumia jina langu kwa siri. Ukimwambia kampuni ndiyo iliyokata yenyewe, atajua nilikuwa namwazia nini. Nimekosa fijo, nimekosa sana. Bora nikatwe."

"Na Tupo?"

Mama Tupo alikuwa amesimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza niliona macho yake yamelowa. Asajile naye aliyaona, akainamisha kichwa, ila kalamu hakuishika. Nilikasirika, nawaambia ukweli. Nilikasirika mpaka nikasahau mwavuli wangu pale, nikanyeshewa njia nzima.

Nikaenda kwa Salumu. Nilimkuta Bagamoyo kwenye kibaraza chake anafunga kamba za turubai. Sikumwambia kitu, nilijifanya nimekuja kuuliza habari za gari tu. Na yeye, kama vile alikuwa anasubiri mtu wa kumwambia, akafunguka mwenyewe.

"Nikuulize wewe mwenye kazi yako, Mama Bima. Mtu akikulipia bima siku umekwama, ni rafiki yako. Akikulipia tena mwaka wa pili, hujamwomba, stika inakuja tu posta, imelipwa, huyo ni nani?"

"Ni nani?"

"Ni baba yako. Mimi baba yangu alishafariki."

Hapa lazima niwaeleze wageni wa wilaya hii, maana najua wengine mmehamia. Kwetu ukiletewa ndizi kwenye kikapu, kikapu unakirudisha na kitu ndani, hata mayai. Na mtu akikupa kitu humuulizi amekupa kwa nini. Kuuliza ni kama kukipima. Unapokea kwa mikono miwili, unatulia, kisha unatafuta cha kumpelekea. Salumu, ingawa babu yake ni wa pwani, alizaliwa hapa na amekula ndizi zetu. Alipopata ile stika ya pili hakuuliza. Akaanza kumbebea Asajile ndizi zake hadi soko la Mbeya bila nauli, kila siku ya soko, msimu mzima. Na Asajile naye, alipoona anabebewa bure, hakuuliza. Aliamini moyoni kwamba Salumu anajisafisha kwa alichofanya kwa siri.

Salumu alikuwa amechoka. Siku za soko ndizo zenye hela, na yeye alikuwa anazitumia kubeba mzigo wa bure. Matairi yalikuwa yamebaki uzi. Idd iliyopita Asajile hakufika kwake kula pilau, na Krismasi Salumu hakupanda kijijini. Watu waliokaa dawati moja walikuwa sasa wanapakia ndizi pamoja kila wiki bila kusema zaidi ya "shika huku" na "vuta".

"Nikamuulize kwa niaba yako?" nikamwambia.

"Usithubutu," akasema. "Atajua nimechoka na wema wake."

Basi nikawa na wanaume wawili wazima, kila mmoja amenifunga mdomo kwa upande wake, na katikati yao mtoto mwenye kwanja jipya. Nikikaa kimya Tupo hasomi. Nikisema, nimevunja neno la mteja, na mji wetu ni mdogo, ningerudi kwenye vitumbua.

Nilipanda Ibighi kwa Mzee Lazaro. Alikuwa anapalilia kabichi, mabuti yaleyale miguuni. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama kwenye tuta. Hakunyanyua kichwa mpaka nilipomaliza.

"Hiyo stika umeshampelekea mwenyewe?"

"Ninawezaje kumpelekea, mzee? Nataka irudi Dar."

"Sijakuuliza unataka nini. Nimekuuliza kazi. Mlipaji ni mmoja, mwenye gari ni mwingine. Stika inatolewaje?"

Nikakumbuka mikataba tuliyokuwa tukiisoma mbele ya magari. Halafu nikaanza kucheka peke yangu katikati ya kabichi. Alinichumia moja kubwa, akakataa pesa, na mimi kwa mara ya kwanza sikushangaa. Sikumuuliza kwa nini, na wiki iliyofuata nikampelekea sukari.

Siku ya kupakia ndizi nilifika shambani kwa Asajile mapema, na bahasha yangu ndani ya mfuko wa nailoni. Mvua ilikuwa ya manyunyu. Pikapu ilikuwa imeegeshwa kando ya chai, nusu imejaa mikungu. Salumu alikuwa juu anapanga, Asajile chini anampasia. Mama Tupo na Tupo walikuwa wanafunika mikungu kwa majani makavu. Waliponiona, wanaume wote wawili walinitazama kwa jicho la kunionya, kila mmoja akidhani mwenzake haoni.

"Habari za kazi," nikawaambia. "Mimi sikuja kwa maneno. Nimeleta stika mpya ya gari hili. Utaratibu wetu wa zamani hapa Tukuyu, mlipaji na mwenye gari wanasimama mbele ya gari, mkataba unasomwa, ndipo stika inatoka. Tafadhali simameni hapa."

Hakuna mwenye adabu anayekataa kusomewa karatasi. Salumu akashuka. Wakasimama mbele ya taa za pikapu, mmoja kulia mmoja kushoto, hawatazamani. Nikafungua mwavuli wangu, niliokuwa nimerudishiwa na Mama Tupo ukiwa na mahindi mabichi ndani, nikaanza kusoma. Nilisoma jina la kampuni, namba ya gari, jina la mwenye gari, jina la mlipaji. Nilisoma polepole, kama nilivyofundishwa. Kisha nikayafikia yale maandishi ya chini.

"Bima hii," nikasoma, "itahuishwa yenyewe kila mwaka, na malipo yatakatwa kwa mlipaji yuleyule, bila mlipaji kuulizwa na bila mwenye gari kuomba, mpaka mlipaji atakapoandika kusitisha."

Nikarudia kwa Kinyakyusa. Nilirudia mara mbili, ingawa utaratibu unasema moja.

Mvua tu kwenye majani ya migomba. Salumu ndiye aliyeanza.

"Bila kuulizwa," akasema. Akageuka. "Asajile. Mwaka jana ulikatwa bila kuulizwa?"

"Na wewe hukuomba?"

"Niombe nini? Nilipata stika posta, nikadhani ni wewe."

"Mimi nilikuta makato," akasema Asajile, "nikadhani ni wewe."

Walitazamana. Sikujua kitatoka nini, na nakiri niliogopa. Halafu Salumu akaenda akakaa kwenye mkungu wa ndizi, kitu ambacho mfanyabiashara wa ndizi hakifanyi hata akiumwa, akajifunika uso kwa mikono miwili, mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na analia pia.

"Safari zote zile za Mbeya," akasema. "Matairi yangu."

"Na mimi nikasema moyoni, huyu anajua alichofanya ndiyo maana anabeba bure," akasema Asajile, naye akakaa kwenye mkungu mwingine. "Nisamehe, ndugu yangu. Nilikuwazia vibaya."

"Mimi nilikuwazia vibaya zaidi. Niliona unataka kuwa baba yangu."

Mama Tupo hakuwa na muda wa vicheko. Alichukua kalamu mkononi mwangu, akampa mumewe. Asajile akaweka karatasi juu ya boneti akaandika. Salumu akasaini kwamba stika haichukui. Ya zamani ilikuwa bado na siku zake za kumalizia. Kisha Asajile akaingiza mkono mfukoni, akauliza mzigo wa leo nauli yake ni kiasi gani. Salumu akamtajia bei ya watu wote, akaipokea.

Msidhani iliishia hapo. Dar hawakutaka kurudisha pesa. Yule meneja wa sauti ya haraka aliniambia marejesho huchukua miezi, kuna idara yake. Nikamwambia mimi nina idara yangu ya stika, ziko kwenye droo na hazitoki mpaka pesa za mteja wangu zimerudi. Akaniuliza kama najua ninazungumza na nani. Nikamwambia sijui, tuko mbali, lakini aje Tukuyu nitampa mabuti. Nilituma stika yao kwa basi na barua, nikawa napiga simu kila asubuhi kabla ya chai yake. Nadhani alichoka na sauti yangu. Pesa ya mwaka huo ilirudi kwenye banda la chai, ikimkuta Mama Tupo ameshalipanga sanduku. Ya mwaka uliotangulia haikurudi mpaka leo, na sijamsamehe mtu.

Zile stika nyingine za kwenye bahasha sikuzigawa ofisini. Nilizunguka nazo vijijini msimu mzima wa mvua, nikisoma mbele ya kila gari. Wengi walihuisha kwa hiari yao, wengine walisitisha, na hakuna aliyenitukana. Ndiyo sababu hadi naondoka nilikuwa nawasumbua mteremke chini mkamsomee mteja kwenye maegesho, nanyi mkinung'unika kwamba ameshapata ujumbe kwenye simu. Najua mlinung'unika. Ukuta wa ile ofisi ni mwembamba.

Siku ya Tupo kwenda shule nilipita kumuaga kituoni. Pikapu ya Salumu ilikuwa imefika kuwachukua na mizigo kuwapeleka Mbeya wakapande basi. Kwenye kioo cha mbele kulikuwa na stika mpya, bima ndogo, aliyoinunua mwenyewe kwenye meza yangu kwa pesa za mkononi, baada ya kunilazimisha nimsomee maandishi ya chini mpaka mwisho. Godoro lilifungwa juu, sanduku chini, ndoo, jembe, na lile kwanja limevishwa gunia. Tupo alipanda mbele na mama yake. Asajile alikuwa anapanda nyuma wakati Salumu alipozunguka akanyoosha kiganja.

"Nauli," akasema. "Watu watatu na mizigo."

Watu wa kituoni wakageuka kusikiliza. Asajile akajifanya ameshangaa.

"Salumu. Mtoto anakwenda shule, na wewe unanidai nauli?"

"Ninakudai."

"Mimi mteja wako wa siku nyingi. Punguza."

"Mteja wa siku nyingi ndiye aliyenimalizia matairi. Toa."

Walibishana pale kwa sauti kubwa, wakitupiana maneno kama watoto wa dawati moja, mpaka bei ikashuka kidogo na Asajile akatoa noti. Salumu akaiangalia kwenye mwanga, akaikunja, akaitia mfukoni. Kisha akahesabu chenji mbele yetu sote, akampa mkononi.